Sijafaili kodi ya Marekani miaka minne, na sasa nataka uraia na kumleta mke wangu. Nianzie wapi?

Shikamoo dada, pole na majukumu. Naomba unisaidie maana usingizi umepungua kabisa siku hizi. Mimi kwetu Tanga, naishi Columbus, Ohio, niliingia huku 2019 kwa grini kadi ya bahati nasibu. Ritani, yaani fomu za kodi za kila mwaka, za 2019 na 2020 nilisaidiwa na jamaa tuliyekuwa tunakaa naye nyumba moja, baadaye akahamia Texas na mimi ndo ikawa basi tena. Yaani 2021, 2022, 2023 na 2024 zote sijafaili. Si kwamba nakwepa, nilikuwa napiga shifti za usiku ghalani, kila siku nasema wiki ijayo, wiki ijayo, mwaka unaisha, na ukishakosa mmoja unaogopa kufaili wa pili maana unahisi watakuuliza ule wa kwanza uko wapi.

2021 na 2022 nilikuwa naajiriwa, nilipewa W-2, ile karatasi ya mwajiri ya mshahara na kodi iliyokatwa, kodi walikuwa wanakata wenyewe kwenye cheki. Kuanzia 2023 nikaacha ghala, naendesha abiria na kupeleka chakula kwa apu, humo hakuna anayekukata, hela inaingia yote. Zile W-2 zilipotea nilipohama nyumba. Mwezi uliopita ikaja barua ya IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, kona ya juu kulia imeandikwa CP59, wanasema hawana rekodi ya ritani yangu ya 2022.

Sasa ushauri wa watu umenichanganya. Mmoja anasema wewe si raia, jaza 1040-NR. Mwingine anasema chukua fomu ya mwaka huu changanya hela ya miaka yote humo humo. Mwingine anasema kaa kimya watasahau. Halafu kuna jamaa anafailia watu kodi kwenye duka la simu, kaniambia ataandika wadogo zangu wawili walioko Tanga kama wategemezi wangu ili kila mwaka nipate rifandi (kodi inayorudishwa) nene, yeye anachukua asilimia 20, taslimu, na yeye hasaini popote. Na kwa vile nilifunga ndoa Tanga 2022 na mke wangu yuko huko bado, anasema niandike sijaoa, eti mke asiyekuwepo hahesabiki.

Nataka kuomba uraia na kumleta mke. Kule nyumbani nina akaunti ya benki ya kujengea. Dada, nitafungwa? Rifandi za ghalani bado zipo? Naanzia wapi?
Mtoto wa Tanga, Columbus

JIBU

Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Nianze na hilo linalokunyima usingizi. Hufungwi kwa kuchelewa. Sikufichi, kutofaili kwa makusudi ni kosa la jinai kwenye sheria ya Marekani, lakini mtu wa kazi halali ambaye mwajiri wake na apu yake zilishapeleka taarifa zake IRS, akaja mwenyewe na ritani zake kabla hajafuatwa, wanachotaka kwake kwa kawaida ni makaratasi na hela yao. CP59 si kesi na wala si deni, ni barua ya kuuliza mbona ritani yako hatuioni. Mambo yanabadilika ukinyamaza, kwa sababu IRS wanaweza kukutengenezea ritani wao wenyewe kwa W-2 na 1099 (karatasi za malipo yasiyo ya mshahara) walizonazo, na hiyo ya kwao haitaweka hata maili moja uliyoendesha, kila dola iliyopita kwenye apu wanaihesabu ni faida yako, halafu deni linakuja na jina lako. Na huyo anayesema watasahau hajui kwamba ukifaili, IRS kwa kawaida wana miaka 3 tu ya kuikagua ritani hiyo, ila mwaka ambao hukufaili hauna ukomo, hata 2040 wanaweza kukuuliza 2022.

Sasa huyo jamaa wa duka la simu, na hapa naomba unisikilize kuliko sehemu nyingine yoyote ya jibu hili. Usimpe karatasi zako. Mtegemezi kwenye ritani ya Marekani lazima awe raia wa Marekani, au mkazi wa Marekani kwa hesabu za kodi, au awe anakaa Kanada au Mexico. Mdogo wako aliyeko Tanga bila uraia wa Marekani hahesabiki, hata kama ada ya shule, sare na unga wa nyumba nzima unatoa wewe. Najua inauma, maana wengi wetu huku ndo tunasomesha, na hela tunayotuma ni ya kweli kabisa, lakini sheria haikuiwekea nafasi. Anayefaili kwa malipo anatakiwa awe na namba ya IRS inayoitwa PTIN na asaini ritani aliyoiandaa. Akikataa kusaini, ritani inaonekana umejiandalia mwenyewe, yeye kashaondoka na asilimia yake na uongo umebaki kwako. Na bei ya uongo huo si ndogo: faini ya udanganyifu inafika asilimia 75 ya kodi uliyopunguza, na wanaweza kukufungia baadhi ya nafuu za kodi, zikiwemo za watoto, kwa miaka 10. Yaani unaacha tatizo la kuchelewa, ambalo linatibika, unanunua la kusema uongo kwenye karatasi uliyotia sahihi huku unajiandaa kwenda kuapishwa uraia.

Na la 1040-NR hivyo hivyo. Ile ni fomu ya wasio wakazi. Ukiwa na grini kadi wewe ni mkazi kwa hesabu za kodi, fomu yako ni 1040 ya kawaida. Fomu ya kuomba uraia, N-400, inauliza wazi kama umewahi kujitaja kwenye ritani kuwa si mkazi, kwa hiyo aliyekupa ushauri ule, hata kama alikuwa na nia njema, angekuharibia.

W-2 zilizopotea zisikusumbue, IRS wanazo nakala. Fungua akaunti kwenye tovuti yao, watakupitisha ID.me, huduma ya kuhakiki utambulisho, utapiga picha ya leseni au pasi na uso wako, ukishaingia tafuta transcript, yaani muhtasari wa rekodi zako, inayoitwa Wage and Income, moja kwa kila mwaka. Humo utaona kila W-2 na 1099 iliyopelekwa kwa namba yako ya Social Security, na ni bure. Kama ID.me inakugomea, jaza Fomu 4506-T, weka alama kwenye mstari wa 8, andika miaka unayoitaka, itume kwa posta. Kitu kimoja watu hawaambiwi: hiyo transcript inaonyesha makato ya serikali kuu tu, ya jimbo la Ohio na ya mji haimo, na Columbus kuna kodi ya mji asilimia 2.5 mbali na ya jimbo. Kwa hiyo piga simu pia kwa wale wa ghala, uliza wa mishahara, waombe nakala ya W-2 yenyewe. Wakikuzungusha kuna Fomu 4852 inayosimama badala ya W-2.

Kuchanganya miaka kwenye fomu moja haiwezekani, kila mwaka una fomu yake na namba zake. Kile kiasi ambacho hakitozwi kodi kwa mtu kama wewe kilikuwa dola 12,550 mwaka 2021, 12,950 mwaka 2022, 13,850 mwaka 2023 na 14,600 mwaka 2024, sasa ukitumia fomu ya mwaka mwingine hesabu yote inaharibika. Fomu za zamani zote ziko kwenye tovuti ya IRS.

Mpangilio nao una maana, wengi wanaanza na mwaka wa nyuma kabisa kwa sababu ndo unawaumiza roho, mimi kwako ningeanza na 2024. Sababu ni kwamba faini ya kutofaili ni asilimia 5 ya kodi unayodaiwa kwa kila mwezi au kipande cha mwezi, mpaka inafika asilimia 25 inasimama. Ritani ya 2024 ilitakiwa tarehe 15 Aprili 2025, leo ninapoandika tuko Agosti 2025, kwa hiyo bado inapanda, ikipita tarehe 15 Septemba itakuwa imefika juu kabisa. Ukiifaili wiki hii au ijayo kuna kitu unaokoa, hata kama huna senti ya kulipa, maana faini ya kutolipa ni nusu asilimia tu kwa mwezi. Watu wanashikilia ritani kwa vile hawana hela ya kulipa na hapo ndo wanaumia mara kumi zaidi, faili kwanza, hela tutaizungumza.

Baada ya hapo nenda 2022, kwa sababu ya rifandi. Ukikatwa kodi zaidi ya unayodaiwa una miaka 3 ya kuidai, na ya 2022 mlango wake unafungwa tarehe 15 Aprili 2026. Ya 2021, samahani sana mdogo wangu, ilifungwa tarehe 15 Aprili 2025, hiyo hela imebaki serikalini na hairudi kwa namna yoyote. Ila ritani yenyewe ya 2021 ipeleke tu, uraia unaihitaji na IRS wanapenda kuona miaka 6 ya karibuni haina pengo. Kwa sasa 2024, 2023 na 2022 zote zinapita onlaini, msimu mpya ukifunguliwa Januari 2026, ritani ya 2022 nayo inahamia kwenye karatasi. 2021 ni karatasi tayari, ichapishe, saini kwa kalamu, iwe na bahasha yake peke yake, tuma kwa rejista utunze risiti. Na ukifaili onlaini mwenyewe, programu itakuuliza kipato chako cha mwaka uliotangulia ili kukutambua, kama mwaka huo hukufaili andika 0, usiweke namba ya kukisia maana ritani itarudishwa.

Usishangae rifandi ya 2022 ikishikiliwa mpaka waione ya 2023, au ikakatwa kulipa deni la 2023. Hiyo ni kawaida yao, usianze kufaili mara ya pili kwa hasira.

Twende kwenye hela ya apu, ndo penye deni lako. Humo wewe ni mfanyabiashara machoni pa IRS, unajaza Schedule C kwa mapato na matumizi, na Schedule SE kwa ile kodi ya kujiajiri ya asilimia 15.3, ambayo kwa mwajiriwa nusu yake inalipwa na bosi, kwako yote ni yako. Faida ikifika dola 400 tu kwa mwaka unatakiwa ufaili. Chukua mfano wa 2023, tuseme kwamba baada ya ada ya apu kuondolewa ulibaki na dola 31,000 na uliendesha maili 22,000 za kazi. Mwaka huo kila maili ya kazi ilikuwa inapunguza senti 65.5, kwa hiyo dola 14,410 zinatoka, faida ni 16,590. Kodi ya kujiajiri hapo inakuja kama dola 2,344, na kodi ya kipato yenyewe baada ya punguzo zote ni kama 125 hivi. Jumla 2,470 au karibu na hapo. Sasa jaribu bila maili uone ingekuwaje, ndo maana nasema maili ndo kila kitu kwenye kazi yako. Mwaka 2024 ilikuwa senti 67. Kama hukuandika daftari, ingia kwenye apu ushushe muhtasari wa kila mwaka, una safari zako, halafu kusanya risiti za kubadilisha oili maana pale huwa wanaandika namba ya dashibodi, panga kutoka hapo. Andika ulichoweza kuthibitisha. Na angalia 1099-K, karatasi ya malipo inayotoka kwa apu, mara nyingi ile namba kubwa ni yote aliyolipa abiria pamoja na ada ambayo apu ilichukua, ukiiandika bila kutoa hiyo ada unalipia kodi hela ambayo hujawahi kuishika.

Kwa deni la mfano huo la 2023, faini ya kutofaili na ya kutolipa kwa pamoja mpaka sasa ingekuwa kwenye dola 750 na kitu, juu yake riba. Si ndogo, ila haiuzi mtu gari. Huwezi kulipa yote, ingia kwenye akaunti ile ile uombe mpango wa kulipa kidogo kidogo, deni lisipozidi dola 50,000 unafanya mwenyewe onlaini, na kama utamaliza ndani ya siku 180 hata ada ya kufungua hawakutozi. Ritani zako zote zikishaingia, wapigie 1-800-829-1040 uombe wakufutie faini za 2023 kwa utaratibu wa kosa la kwanza, wanaangalia kama miaka 3 kabla yake haina faini, na ya kwako ikiwa ni miaka ya rifandi ina nafasi nzuri. Wanafuta faini, kodi yenyewe na riba yake vinabaki. Kiingereza cha kodi kikikuchosha waombe mkalimani wa Kiswahili kwenye simu hiyo hiyo, huduma yao ya ukalimani ina lugha zaidi ya 350 na hulipi.

Huku unalipa ya nyuma usitengeneze mpya. Bado unaendesha mwaka huu, basi kuna malipo ya awali ya Fomu 1040-ES, awamu inayofuata ni tarehe 15 Septemba 2025, halafu 15 Januari 2026. Tenga kitu kila wiki, lipa kupitia Direct Pay moja kwa moja kutoka benki.

Kuhusu mke wako, anahesabika hata akiwa Tanga. Kinachoangaliwa ni hali yako tarehe 31 Desemba, kwa hiyo 2021 ulikuwa hujaoa, 2022, 2023 na 2024 umeoa, ukiandika hujaoa unajipinga mwenyewe siku unapeleka cheti cha ndoa uhamiaji. Una njia mbili. Unaweza kufaili kama mwenye ndoa anayefaili peke yake, ni rahisi na inatosha. Au mkubaliane ahesabiwe mkazi wa kodi mfaili pamoja, hapo atahitaji namba ya ITIN, ya kodi kwa asiye na Social Security, kwa Fomu W-7, na kipato chake cha huko nacho kinaingia kwenye hesabu, lakini kiasi kisichotozwa kodi kinakuwa mara mbili. Kwa mwaka wenye deni fanya hesabu zote mbili uone.

Halafu kumleta. Kwenye fomu ya udhamini, I-864, wanataka ritani ya mwaka wa karibuni, na wanaangalia kipato baada ya kutoa gharama, si ile 31,000. Kwa familia ya watu wawili mwaka 2025 kima cha chini cha kipato ni kama dola 26,437. Kama faida yako ya 2024 iko chini ya hapo usitafute namba za kuongeza, tafuta mdhamini mwenza, ndugu au rafiki mwenye uraia au grini kadi anayekaa Marekani na kipato chake kinatosha, sheria inamruhusu kabisa. Na kwenye uraia, N-400 inauliza kama una deni la kodi lililopitiliza, na kama tangu upate grini kadi uliacha kufaili kwa kujihesabu si mkazi. Utajibu ukweli, na utaweka mbele yao transcript za miaka 5 zinazoonyesha ritani zimeingia, na kama bado unadaiwa, karatasi ya makubaliano na risiti za malipo. Kwa hiyo ningesubiri zisomeke kwenye mfumo kwanza ndo nitume N-400, na kabla ya kutuma ongea na wakili wa uhamiaji.

Akaunti ya ujenzi: jumla ya akaunti zako zote za nje ya Marekani ikipita dola 10,000 hata siku moja ndani ya mwaka, kuna taarifa nyingine ya FinCEN 114, inapelekwa onlaini na haiendi na ritani. Haina kodi, ni taarifa, ila kuiacha kuna faini kubwa. Hata isipofika hapo, riba ya akaunti hiyo na kodi ya pango kama kuna chumba umepangisha vinaingia kwenye 1040, maana mkazi anatangaza kipato cha dunia nzima.

Msaada wa bure upo. VITA, mpango wa IRS wa kuandalia watu ritani bure, wanasaidia watu wa kipato chetu, vituo vingine vinafanya na miaka ya nyuma ila vingi vinafungwa baada ya Aprili, kwa hiyo kwa sasa tafuta kliniki ya kodi ya watu wa kipato cha chini, zinaitwa LITC, zinafanya kazi mwaka mzima na orodha yake iko kwenye tovuti ya IRS. Nenda na ile CP59 yenyewe.

Ukishashusha transcript ya 2022 angalia kwenye W-2 palipoandikwa kodi ya serikali kuu iliyokatwa, niandikie namba hiyo na jumla ya mshahara, bila namba yako ya Social Security tafadhali, nikwambie kama kuna rifandi ya kuikimbilia kabla ya Aprili 2026.